Mume Wangu Hawezi Herufi Ndogo

Mume wangu ni mchora mabango, na kama umewahi kupita mjini kwetu ukasoma jina la duka kabla hujaliona duka lenyewe, basi ujue hiyo ni kazi yake. Watu wanamwita Kivuli. Si kwa sababu ni mwembamba, maana wembamba ulimkimbia zamani. Ni kwa sababu kila herufi anayoichora lazima aitilie kivuli kwa nyuma, ionekane kama jua linaiwakia yenyewe tu. Kivuli cha bluu kwa kinyozi, cha kijani kwa duka la dawa, chekundu kwa muuza nyama. Ukimwambia asiweke kivuli anakutazama kama umemwambia avue suruali.

Ana ugonjwa mmoja tu, nao nimeishi nao tangu anioe: hawezi kuandika herufi ndogo. Barua ya posa aliiandika kwenye mfuko wa saruji alioupasua ukawa shuka, kwa sababu karatasi za daftari zilimbana. Mjomba wangu aliisoma akiwa amesimama upande wa pili wa barabara, na akanishauri nimkubali kwa kuwa mtu wa namna hiyo hawezi kuficha kitu. Kwa hilo mjomba hakukosea. Mimi ni fundi wa nguo, nashonea hapo kibarazani kwangu, na bango alilonichorea lilikuwa refu kuliko kibaraza. Nilimwambia, "Baba watoto, nashona magauni, siuzi meli." Akacheka, akarudi nyuma hatua kadhaa kulitazama, akaongeza kivuli.

Sasa hapa lazima niwataje wakubwa wa halmashauri, ingawa nikiwataja tu damu inanichemka.

Halmashauri yetu inadaiwa kila kona. Walikopa kujenga ofisi mpya. Ofisi ilipokwisha wakaona inapendeza lakini haina mahali pa kupigia picha, wakakopa tena kujenga chemchemi ya kurusha maji mbele ya mlango. Mji mzima mabomba yanatoa upepo, lakini pale kwa wakubwa maji yanaruka juu, yanarudi chini, yanaruka tena, na sisi tunapita na ndoo zetu tupu tukiyaangalia. Kisha madiwani wakasafiri kwenda kujifunza namna ya kubana matumizi, wakakaa hotelini huko mpaka fungu la kubana matumizi likaisha. Waliporudi wakamkuta mkandarasi wa chemchemi ameshaweka kiti chake penye ngazi za ofisi, anasubiri malipo. Alikaa pale muda mrefu hadi wageni wakawa wanamsalimia wakidhani ni mlinzi.

Wakatazama huku na huku nani wa kumkamua, wakatuona sisi. Kila kikao kilizaa kodi mpya. Ilianza kodi ya meza za soko, ikaja ya mwavuli unaokinga meza, ikaja ya kiti cha mteja anayesubiri. Nyingine tulikuwa hatuzijui kabisa. Unajikuta tu umedaiwa, ukiuliza unaambiwa ilipitishwa. Halafu siku moja ikatangazwa kodi ya mabango. Na kodi yenyewe, jamani, inatozwa kwa ukubwa wa bango.

Nilipoisikia nilishika kichwa. Kama wangekaa wiki nzima wakitafuta namna ya kumuua mume wangu na njaa, wasingepata nzuri kuliko hiyo.

Mpimaji alikuwa mtu mzima mmoja wa ofisi ya mapato, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, tuliyempachika jina la Bwana Futi kwa sababu ya futi ya chuma iliyokuwa ikining'inia kiunoni mwake. Bwana Futi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnyoofu kupita kiasi, na hilo wakati mwingine ni balaa zaidi. Alipima bango la genge la mama mkwe wake mwenyewe, akamwandikia bili, halafu akaingia ndani akala chakula cha mchana. Alipofika kwangu alipima bango langu mara mbili, akavua kofia, akasema, "Mama, pole." Bili yake ilikuwa kubwa kuliko mapato yangu ya mwezi. Nililipa huku najikaza kisabuni, kisha nikalishusha bango nikaligeuza kuwa meza ya kupigia pasi.

Mji mzima ukaanza kunywea. Watu walitaka mabango madogo, na wakamjia mume wangu, maana hakuna mwingine. Kinyozi alileta kibao cha ukubwa wa sahani. "Fundi, hapa tu. Neno moja tu: kinyozi."

"Hamna neno," akasema mume wangu.

Jioni kinyozi akakabidhiwa kibao kilichoandikwa KINY, kwa rangi nzuri ajabu, na kivuli. Nafasi ilikuwa imekwisha. Kinyozi alikishika mkononi, akakitazama, akamtazama mume wangu. "Na herufi zilizobaki?"

"Leta kibao kingine," akajibu mume wangu, tena kwa roho safi kabisa.

Muuza nyama alikuwa na akili za haraka zaidi. Alisema hataki bango, aandikiwe kwenye aproni, kwani tumbo lake lilikuwa na nafasi ya kutosha. Likaandikwa NYAMA kutoka ubavu hadi ubavu. Bwana Futi alipopita alisimama mbele ya lile tumbo muda mrefu, akaitoa futi, akairudisha, akaitoa tena. Mwisho akauliza kama aproni ile huvaliwa ikiwa imetulia au ikiwa inatembea, maana sheria ilizungumzia vitu vilivyotulia. Tangu siku hiyo muuza nyama akawa hasimami mahali pamoja. Alikata nyama akizungukazunguka gogo, na wateja wakawa wanamfuata na vikapu vyao.

Tulicheka mpaka mbavu zikauma, lakini kicheko hakiwekwi sufuriani. Wateja walikata mguu. Mume wangu akawa anashinda uani anasafisha brashi ambazo hazijatumika. Ndipo akatokea kaka yangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu ambaye hajawahi kumsamehe mume wangu ile barua ya mfuko wa saruji.

"Shemeji," akamwambia, "achana na uchoraji. Njoo dukani kwangu upime misumari. Kazi ya kivulini, mshahara kila mwisho wa mwezi."

Mume wangu akasema atafikiria. Mimi nikamwambia afikirie haraka, kwa sababu unga ulikuwa umefika chini ya debe.

Hapo ndipo bahati ilipotutembelea, au tulidhani ni bahati. Mwenye mashine ya kusaga alikuwa ameishtaki halmashauri mahakamani kwa kumdai kodi asiyowahi kuisikia. Hakimu akauliza kodi hiyo ilitangazwa wapi. Wakajibu kwamba ilibandikwa ofisini, na ilipofuatiliwa ikaonekana kweli ilibandikwa, nyuma ya kabati. Hakimu akaamua kwamba kuanzia hapo kodi isiyowekwa hadharani, mahali watu wote wanapopita, haitadaiwa kwa mtu yeyote. Kwa hiyo ikabidi kodi zote ziandikwe kwenye ukuta wa soko. Karani mkuu akamwita mume wangu, akampa karatasi zilizojaa maandishi madogo kama sisimizi, akamwambia, "Andika hizi zote pale ukutani. Zisomeke." Malipo, akasema, yatafuata.

Nafikiri katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwambia mume wangu neno tamu kama lile. Ukuta! Na zisomeke!

Alifanya kazi wiki nzima na zaidi. Alianzia lango kuu na akaufuata ukuta unavyokwenda, akapita kona ya wauza mboga, akapita kwa mafundi viatu, akaenda kumalizia karibu na vyoo. Kila herufi ilikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Alikuwa akirudi nyumbani ana rangi hadi masikioni na anaimba. Mwisho kabisa, kama afanyavyo kwenye kila kazi, akaandika jina lake, KIVULI, na namba yake ya simu, ili mwenye shida ya bango amtafute.

Siku alipoondoa ngazi, soko lilisimama. Watu waliacha biashara zao wakatoka kusoma. Kodi ya meza. Kodi ya mwavuli. Kodi ya kivuli cha mwavuli, na hiyo ilikuwa kodi nyingine kabisa. Kodi ya mkokoteni uliosimama. Kodi ya mkokoteni unaotembea. Mchango wa chemchemi. Mchango wa mafunzo ya kubana matumizi. Watu walikuwa wakisoma kwa sauti, wakifuata ukuta polepole, na kila walivyosonga mbele kicheko kilipungua. Mpaka wakafika kwenye mstari wa mwisho, uliokuwa na fedha nyingi kuliko mistari yote, na kwa kuwa fedha zilikuwa nyingi mume wangu aliona ni haki ya mstari huo kupewa heshima. Aliuandika kwa njano, na kivuli chekundu mara mbili: MENGINEYO.

Bibi mmoja muuza nyanya akauliza, "Haya mengineyo ndiyo yapi?"

Hakuna aliyejua. Wakamuuliza mtoza ushuru wa getini, naye hakujua. Wakamuuliza diwani aliyekuwa akipita na kikapu chake, akakumbuka kwamba amesahau kitu nyumbani. Basi wafanyabiashara wakakubaliana palepale: kodi nyingine watalipa, lakini ya Mengineyo hawatoi hata senti moja mpaka waelezwe ni nini. Kila mtu akaiweka kando fedha yake.

Mwenyekiti wa halmashauri alikuja kuuona ukuta akiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa. Nilikuwepo. Niliona midomo yake ikisoma, halafu nikaona imeacha kusoma.

Siku mbili tatu baadaye Bwana Futi akaja nyumbani. Hakukaa. Alikuwa amekunja karatasi mkononi na uso wake ulikuwa wa mtu anayeleta habari za msiba.

"Mzee Kivuli," akasema, "nilikuwa kwenye mzunguko wangu wa kawaida. Nimepima ukuta wa soko."

"Umeuonaje?" akauliza mume wangu, macho yanamng'aa.

"Mzuri sana. Lakini una jina lako na namba yako ya simu. Sheria inasema bango ni la yule ambaye jina na simu yake vimo. Kwa sheria hiyo, lile bango ni lako."

Akampa karatasi. Mume wangu akaisoma, akanipa mimi. Niliisoma nikadhani wamekosea kuweka sifuri. Hata tungeuza nyumba, cherehani na mimi mwenyewe tusingezifikia fedha zile. Na chini palikuwa na saini ya mwenyekiti, ameisaini kwa furaha mpaka kalamu imetoboa karatasi: zisipolipwa ndani ya wiki mbili, ngazi, rangi na brashi zote zitachukuliwa, na leseni ya uchoraji itafutwa moja kwa moja.

"Bwana wewe huna haya!" nilimfokea Bwana Futi. "Halmashauri imemtuma kazi, haijamlipa, na sasa inamdai!"

"Mama, mimi napima tu," akasema. Akaanza kutusomea haki zetu, kama anavyomsomea kila mtu, hata asiyetaka. Tukishindwa tunaweza kukata rufaa. Tukilipa tutapewa stakabadhi. "Na bango lililolipiwa," akamalizia, "ni mali ya aliyelilipia kwa mwaka mzima. Hakuna ruhusa ya mtu yeyote kulifuta, kulifunika wala kuliondoa, isipokuwa yeye mwenyewe." Kifungu hicho, nilikuja kujua baadaye, madiwani walikitia wenyewe kwa ajili ya kulinda mabango ya maduka yao.

Wakati ule sikukitia maanani, nilikuwa nimeshughulika kulia. Kaka yangu alipata habari kabla machozi hayajanikauka. Alikuja na aproni ya dukani, mpya, amemletea shemeji yake. Mume wangu aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Halafu akaenda uani, akaziosha brashi zake moja moja, akazifuta, akazifunga kwenye kitambaa kama mtu anayemvisha mtoto. Huyu mtu ambaye hata akikuomba chumvi utadhani anahutubia, alikaa kimya siku ya kwanza, ya pili, hadi ya tatu, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi nyumba yetu ilivyo ndogo. Iliniuma. Niseme ukweli, iliniuma kuliko njaa.

Nikatoka nikaenda sokoni, si kwa sababu nilikuwa na mpango, ila sikuweza kumtazama. Na nani nikamkuta pale ukutani? Vibarua wa halmashauri wanashusha mapipa ya chokaa.

"Tunapaka Jumamosi," mmoja akaniambia. "Mwenyekiti amesema ukuta wote uwe mweupe, halafu orodha itaandikwa upya kwenye kibao kidogo."

Nilisimama pale, na maneno ya Bwana Futi yakanirudia kichwani. Hakuna ruhusa ya mtu yeyote kulifuta.

Nilianza kwa bibi wa nyanya. "Ile fedha ya Mengineyo," nikamwambia, "bado unayo?"

"Ninayo, imetulia."

Nikamweleza. Alinisikiliza, akacheka mpaka akashika meza, akafungua fundo la kanga. Kutoka hapo sikuhitaji kueleza tena. Bibi alikuwa ananitangulia. Muuza nyama alitoa huku akizunguka gogo. Kinyozi alitoa, akasema laiti angejua tangu mwanzo angemwambia mume wangu aandike kinyozi ukuta mzima. Mwenye mashine ya kusaga alitoa zaidi ya fungu lake kwa ajili ya kumwudhi mwenyekiti. Soko zima lilikuwa limezikalia fedha za Mengineyo, na zilipokutana pamoja kwenye beseni langu la nguo, bili ikapatikana na chenji ikabaki. Ijumaa nililitua beseni mbele ya dirisha la mhasibu. Alihesabu mpaka jasho likamtoka, akanipigia muhuri.

Jumamosi tulikuwa sote pale, na mume wangu nilimkokota kwa mkono, hajui hili wala lile. Mwenyekiti alikuja mwenyewe kusimamia. Vibarua walipochovya brashi zao nikapaza sauti, "Lifuteni basi! Hilo bango ni la mume wangu, limelipiwa mwaka mzima!"

Mwenyekiti akacheka. Akageuka kumtafuta Bwana Futi. "Mweleweshe huyu mama."

Bwana Futi akaichukua stakabadhi, akaigeuza mbele na nyuma, akaukagua muhuri. Kisha akafunga vizuri kile kifungo chake cha shingoni. "Mheshimiwa," akasema, "imelipwa kamili. Tukilifuta, halmashauri itajitoza faini. Na faini yenyewe," akaongeza kwa huzuni, "ni kwa ukubwa."

Soko lilipasuka. Mwenyekiti alitoa macho, halafu mara moja sauti yake ikapata asali. "Ndugu yangu Kivuli! Sisi ni watu wamoja bwana. Tuuzie hili bango lako, tulimalize."

Mume wangu alikuwa bado hajaamini. Alitazama ukuta, akanitazama mimi, na nikaona kifua chake kinajaa taratibu. "Nauza kwa urefu," akasema.

"Fedha zitapatikana. Tutaweka kitozo kidogo tu."

"Sawa. Niambie kinaitwaje nikiandike." Mume wangu akanyoosha mkono, na kibarua mmoja, bila hata kuombwa, akampa brashi. "Si hakimu alisema lazima kiwe hadharani? Nafasi ipo pale, karibu na mlango wa choo cha wanaume."

Watu wote walimsubiri mwenyekiti ataje jina la hiyo kodi. Mwenyekiti akatazama ile nafasi. Akatazama nyuso zetu. Akaenda zake kwa miguu, kwani dereva alikuwa ameacha gari kuja kusoma ukuta.

Kikao cha wiki iliyofuata kilivuta tangu asubuhi. Walipotoka, Mengineyo ilikuwa imefutwa, maana hata wao kwa wao walishindwa kuambiana ni nini. Lakini kwenye daftari ni rahisi kufuta. Ukutani palikuwa na mwenyewe. Ikabidi karani mkuu aje nyumbani kwangu, akae kwenye stuli ya wateja, ambayo ina kodi yake, na kumwomba mume wangu akubali kuufuta ule mstari. Mume wangu akamtajia bei ya kuufuta na ya kuuandika, zote mbili kwa ukubwa, taslimu. Wakalipa. Kaka yangu alipotuma mtu kuulizia habari za misumari nikamrudishia aproni na kumwambia misumari aipime mwenyewe.

Tulikwenda kuufuta pamoja, mimi nimebeba ndoo ya chokaa. Watu walikuwa wanapiga makofi na vigelegele, lakini mume wangu alisimama mbele ya ile MENGINEYO bila kuinua brashi. Nikamsukuma kidogo begani. "Baba watoto, si umelipwa? Futa."

"Ngoja," akasema. "Itazame kwanza hiyo M."

Nilitaka kumjibu, nina majibu mengi ya mambo kama hayo. Lakini niliona macho yake yamelowa, nikaitua ndoo, nikatazama. Miaka yote hiyo nilikuwa natazama ukubwa wa kazi zake tu, nikihesabu rangi iliyopotea. Ile M ilikuwa imesimama imara kwa miguu yote miwili, imepinda kidogo pale katikati kama mtu anayevuta pumzi, na kivuli chake kimelala nyuma yake bila kukosea hata unywele.

"Nzuri," nikamwambia. "Wallahi, ni nzuri."

Akavuta makamasi, akachovya brashi, akaanza kufuta kutoka mwisho, ili M ibaki ya mwisho.